Kilo Sitini na Mbili

Kazi yangu ni mizani.
Uwanja wa Wilson, saa kumi na mbili alfajiri,
umande bado uko juu ya mabawa,
nawasimamisha wageni mmoja mmoja:
panda hapa, tafadhali, na begi lako, na kamera.
Wanawake huvua viatu. Wanaume huvuta matumbo ndani,
kana kwamba tumbo likirudi nyuma, kilo nazo hurudi.
Naandika kwa penseli, mwisho najumlisha.
Ndege ndogo haina adabu ya kuvumilia uongo.

Miaka tisa sasa. Mtu namjua kwa macho:
yule themanini na nne,
yule hamsini na tatu pamoja na wasiwasi wake.
Lakini angani sikuwahi.
Nilibaki chini na mifuko ya mchanga.

Jumanne ile Mjerumani mmoja aliamka na tumbo la kuhara.
Kiti cha nyuma kikabaki kitupu, uzito ukaegemea mbele,
na Kapteni Muthoki, akitafuna njugu kama kawaida yake,
akanitazama juu hadi chini kama mtu anunuaye mbuzi.
"Lotiang, una kilo ngapi?"
"Sitini na mbili."
"Mchanga huo huo. Ingia."

Ndivyo nilivyopaa: kama mchanga.
Mabati ya Kibera yakawaka mara moja, kutu na fedha.
Nilitafuta paa langu, lile lenye tairi juu yake,
na kabla sijalipata, mtaa mzima ulikuwa umeshapita.
Naivasha. Bogoria na mvuke wake.
Baringo, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa.
Kisha nchi ikaishiwa na barabara.

Suguta.
Mgeni wa kiti cha pili, themanini na nane na buti,
akasema kwenye vipaza vya masikioni, kwa sauti ya kanisani:
tazameni, hakuna mtu,
hapa hapajakanyagwa tangu dunia iumbwe.

Mimi, dirisha la kushoto, niliona duara la miiba: zizi.
Duara jingine, la zamani, limebaki kama kovu la chanjo.
Na uzi mwembamba, mweupe,
unaopinda pale ambapo mwenye akili angepinda
kukwepa jiwe jeusi linalounguza kwato.
Baba alipita hapo, mwaka wa ukame ule,
na mbuzi arubaini. Siku saba.
Walifika mbuzi thelathini na mmoja.
Watu waliofika hakutuambia idadi.

Nikajibu. Nilisema yote: mbuzi, miiba,
maji yanayochimbwa kwa mikono mpaka kiwiko,
jina la mlima ule kwa kikwetu.
Hakuna aliyegeuka.
Baadaye Kapteni akanionyesha kitufe:
usipokibonyeza, unaongea na masikio yako mwenyewe.

Suguta yote, dakika kumi na nne. Nilitazama saa.

Heroe wa Logipi wakainuka
kama mtu anayekung'uta shuka la waridi,
wageni wakapiga picha, wakapiga, wakapiga,
na mimi nilikuwa bado nimegeuza shingo nyuma.

Jioni, Wilson, banda limefungwa,
nilipanda mizani peke yangu.
Sitini na mbili na nusu.
Vumbi labda, au njugu za Kapteni.

Baba sikuwahi kumpima.
Nakisia arubaini na nane, na fimbo, na kigoda chake.
Kwa macho sijakosea mtu hata mmoja,
ila yeye, kila nikimkumbuka, sindano inacheza.

Kesho yake Mjerumani alikuja amepona. Sabini na tisa.
"Huko kuna nini?" akauliza.
Nikaandika uzito wake, nikachonga penseli.
Nikamwambia akae dirisha la kushoto
na atazame chini, asitazame mbele.